Injini Baridi ya Makindu

Katika gereji ya Mulinge pale Makindu, kila fundi anajulikana kwa jambo lake. Mutie anajulikana kwa maneno. Mulinge mwenyewe, mwenye gereji, anajulikana kwa sikio: lori likiingia uani yeye hutaja ugonjwa wake kabla dereva hajazima injini, na ni mara chache hukosea. Kathini, aliye mdogo kuliko wote kwa umri na kwa sauti, anajulikana kwa daftari.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la mistari, lililovikwa jalada la nailoni lisiguswe na oili. Gari likiletwa na ile taa ya manjano imewaka kwenye dashibodi, taa yenye umbo la injini ndogo ambayo madereva huiita cheki injini, mafundi wengi wa barabara ile hukimbilia kuchomeka skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na kufuta msimbo wa hitilafu. Taa huzimika, mteja hufurahi, na wiki ijayo hurudi amenuna. Kathini hafuti. Kwanza huandika: tarehe, kilomita, msimbo, joto la injini, hewa inayoingia, volti za betri. Huandika hata nambari ambazo hazimsaidii siku hiyo.

Tabia hiyo alitoka nayo kwao Matinyani. Mama yake alikuwa mmoja wa wakulima waliopewa kipimamvua na maofisa wa kilimo, na kila siku saa tatu asubuhi alikiendea pale uani, akatazama, akaandika. Katika miaka ya ukame ukurasa mzima ulijaa sifuri. Kathini, akiwa bado darasa la tatu, alimwuliza kwa nini asiache tu nafasi wazi.

"Nikiacha wazi," mama yake alimjibu, "watajuaje kama mvua haikunyesha au mimi ndiye sikupima?"

Aliposomea umeme wa magari katika chuo cha ufundi, alikuwa msichana pekee kati ya wanafunzi kumi na tisa. Alikuja kwa Mulinge kufanya mafunzo ya miezi mitatu; ilipokwisha, Mulinge hakumwambia aondoke. Sasa ni mwaka wa tatu. Katika muda huo wote Mulinge hajawahi kumsifu waziwazi, ila gari lenye taa likiingia humsukumia kwa kidevu, na Kathini amejifunza kuridhika na kidevu hicho.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, wakati baridi ya asubuhi huifikia hata Makindu, Shamis aliingia uani na Probox yake nyeupe. Shamis ni mama wa makamo ambaye watu wengi humwita Mama Filsan kwa jina la binti yake. Kila siku kabla ya jua kutoka huendesha hadi Ikutha, akachukua maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji, akarudi kuyauza kwa madereva wa masafa marefu na kwa familia zilizo karibu na msikiti. Maziwa yale hayangoji. Gari likichelewa, yameharibika.

"Fundi Mulinge, taa yako imerudi," alisema akishuka.

"Si yangu, Mama Filsan. Mimi niliizima."

"Uliizima ikalala. Leo imeamka Kibwezi."

"Hiyo taa inapenda safari kama mwenyewe," Mutie alisema kutoka chini ya pikapu.

"Cheka, Mutie. Jumamosi broka wa Emali anakuja kuchukua hii gari. Utacheka na yeye."

Mutie akatoka chini ya pikapu. Gari lilikuwa limebadilika tangu mwezi wa sita: linakunywa petroli karibu mara mbili ya zamani, linashtuka likipanda mlima, na mchana kutwa ekzosi yake inanuka mafuta mabichi. Shamis alikuwa amevumilia wiki tano. Bei ambayo broka, yule dalali wa magari, alitaja ilikuwa ya kumdharau, lakini gari linalokula faida yote ya maziwa, alisema, ni afadhali liende. Bila gari hakuna Ikutha, na bila Ikutha hakuna biashara.

Msimbo ulikuwa ule ule wa mara mbili zilizotangulia: joto la injini liko chini mno. Mulinge hakuhitaji kuutazama mara ya pili.

"Injini baridi, Makindu?" alisema. "Hapa hata jiwe lina homa. Hiyo sensa ya joto inadanganya. Nimebadilisha mara mbili, zote ni za kuiga. Tutatafuta ya tatu, ile ya ukweli."

Sensa, ambayo vitabu vya chuo huiita kihisi, ni kitu kidogo kama kidole gumba. Huzamishwa katika maji ya injini na kupeleka habari za joto kwa kompyuta ya gari, nayo kompyuta hupima petroli kwa habari hizo. Ikiambiwa injini ni baridi, huimwagia petroli zaidi. Hadi hapo Mulinge alikuwa sahihi, na Kathini alikubaliana naye. Lililomkwama kooni ni neno kudanganya. Vihisi vitatu tofauti, viwili vikiwa vipya, kusema uongo mmoja?

"Fundi," alisema, "naomba zile mbili ulizotoa. Na uniachie hii gari nipime."

Mulinge alimtazama. "Mama Filsan hana wakati, mwiitu wakwa, binti yangu. Ijumaa jioni. Ukishindwa, wewe ndiye utamwambia auze."

"Nitamwambia," Kathini alisema.

Alasiri hiyo aliazima jiko la makaa na sufuria kwa mama anayepika chapati nje ya gereji. Alivifunga vihisi vyote vitatu kwa waya, akavining'iniza majini pamoja na kipimajoto, akachukua mita ya umeme na penseli.

"Leo ni supu ya sensa?" Mutie aliuliza.

"Ndiyo."

"Weka basi kitunguu, mteja asijue ni chuma."

Kila maji yalipopanda nyuzi kumi, Kathini alipima ukinzani wa umeme, ambao hupungua joto likipanda, katika kihisi cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaandika. Maji yalipochemka alikuwa na safu tatu za nambari, na alipozilinganisha na jedwali la kitabu chake cha chuo, zilishuka pamoja kama watu watatu wanaoteremka ngazi moja. Hakuna kilichokuwa kibovu. Hata kile cha kwanza kabisa, kilichotolewa na kutupwa kwenye debe la vyuma, kilikuwa kizima.

"Basi ni waya," Mulinge alisema alipoonyeshwa.

Kathini alipima waya. Ulikuwa safi kuanzia kihisi hadi kwenye kompyuta. Akarudisha kihisi mahali pake, akawasha injini uani, akangoja dakika ishirini. Skana ilionyesha nyuzi themanini na sita, joto ambalo fundi yeyote angelitaka.

"Unaona?" Mulinge alisema. "Injini ni moto. Na sensa inasema ni moto. Hapa hakuna ugonjwa, na taa bado itarudi. Hiyo sasa ni kompyuta."

Kompyuta mpya ingeagizwa Nairobi, kwa bei ambayo Shamis asingeikubali. Kathini aliketi juu ya tairi kuukuu akafungua daftari nyuma, kurasa za wiki tano. Alisoma kila kipimo cha gari lile kilichowahi kuchukuliwa, chake na cha Mulinge. Vyote vilipimwa uani, gari likiwa limesimama. Taa ilikuwa ikiwaka Kibwezi, Ikutha, mtoni Athi, nako huko hakukuwa na nambari hata moja. Nafasi wazi. Alihisi aibu ndogo, kama mtu aliyeitwa jina darasani akiwa amesinzia, kisha akasimama akaenda kumtafuta Shamis.

Alhamisi, saa kumi na moja u nusu alfajiri, walitoka Makindu wawili. Kathini alikuwa ameweka skana magotini na daftari juu ya skana. Injini ilianza kupata joto mjini: arobaini, hamsini, sitini na mbili. Walipoingia barabara kuu na Shamis akakanyaga mafuta, Kathini alitarajia nambari ipande. Badala yake ilianza kushuka.

"Endelea hivyo hivyo," alisema. "Tisini."

"Niko tisini."

Hamsini na nane. Hamsini na tano. Walikunja Kibwezi kuelekea barabara ya Kitui, na upepo baridi wa asubuhi ukawa unalipiga gari usoni. Hamsini na moja. Katika mteremko wa kuelekea mto Athi ilifika arobaini na nane, na taa ya manjano, ambayo Kathini alikuwa ameiacha bila kuifuta, ilikuwa imetulia pale kama mtu anayesema, nimewaambia. Walipopanda upande wa pili ilipanda hadi sitini na tisa. Barabara iliponyooka ikashuka tena. Aliandika kila kilomita mbili. Mkono wake ulikwenda haraka kuliko kawaida.

Kihisi hakikuwa kikidanganya hata siku moja. Injini ilikuwa baridi kweli.

"Mama Filsan," aliuliza walipokuwa wakingoja maziwa Ikutha, "hii gari iliwahi kuchemka?"

"Mwezi wa pili. Hapo tu, unaona ule mti wa miiba? Rejeta ilikuwa inavuja, nikatia maji ya kisima siku nyingi. Ya chumvi, lakini ni maji gani mengine yako huku? Ikachemka mpaka boneti ikapiga kelele. Mulinge alikuja mwenyewe na pikipiki. Aliifungua hapo hapo barabarani, akatoa kitu, ikapoa. Nilirudi nyumbani nikiendesha. Tangu siku hiyo haijachemka tena."

Kathini alitazama ule mti wa miiba. Alikijua kitu hicho.

Katika kila injini kuna themostati, mlango mdogo wa shaba usiozidi upana wa kikombe cha kahawa. Injini ikiwa baridi hufungwa, maji yabaki ndani yapate moto. Injini ikipata moto hufunguka, maji yaende kwenye rejeta yakapozwe. Ukiondoa mlango huo, maji huzunguka ovyo. Gari likisimama uani penye jua huonekana zima kabisa. Hata njiani, miezi ya joto hulificha; likikimbia alfajiri ya baridi ya mwezi wa sita au wa saba, upepo hulipoza mpaka linadhani limeegeshwa mlimani.

Na alijua pia kwa nini Mulinge aliuondoa. Mulinge alijifunza kazi katika malori, miaka ambayo kila rejeta kati ya Kibwezi na Mutomo ilijazwa maji ya kisima. Chumvi ya maji yale huganda kwenye ule mlango mpaka unakwama, na injini huungua. Fundi aliyeung'oa aliokoa injini, na wenye malori walimshukuru. Basi mafundi wakawa wanaung'oa hata kabla haujakwama, gari zima au bovu, kwa sababu ya joto la huku. Mkebe mmoja wa mafuta ya kupikia chini ya meza ya Mulinge umejaa themostati alizozitoa kwa miaka mingi. Malori yale ya zamani hayakuwa na kompyuta, kwa hiyo hayakuwa na namna ya kulalamika.

"Umejua kitu," Shamis alisema. Alikuwa akimtazama usoni.

"Nimejua. Lakini kuna mtu napaswa kumwambia kwanza."

"Abaayo, gari ni yangu."

Hakuwahi kumwita dada kabla ya siku hiyo. Kathini alifunga daftari. "Ni yako, Mama Filsan. Nipe mpaka saa kumi jioni. Ukija, utaambiwa yote."

Njia nzima ya kurudi alitunga sentensi akazifuta. Angeweza kusema kwamba themostati imeharibika, na lisingekuwa neno la uongo mkubwa. Angeweza kuiweka mpya kimya kimya na kufuta msimbo, taa isirudi tena, na pasiwe na mtu wa kuuliza. Lakini wiki tano za petroli ya Shamis zilikuwa zimeandikwa katika daftari lile, na mkebe ulikuwa bado chini ya meza.

Alimkuta Mulinge peke yake, akiosha mikono kwa sabuni ya unga. Alimwekea daftari mezani, ukurasa wa uani upande wa kushoto, ukurasa wa barabarani upande wa kulia. Mulinge alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na alipofika mto Athi kidole kikasimama.

"Arobaini na nane," alisema.

"Ndiyo, Fundi."

"Themostati niliitoa mimi."

"Ndiyo. Na siku hiyo uliokoa injini. Ungeiacha, gasketi ingeungua."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Hakukuwa na la kufanya pale barabarani ila kuitoa. Kosa ni kutorudisha nyingine."

Mulinge alivua miwani akaifuta kwa shati, ambalo lilikuwa chafu kuliko miwani. Kathini alisimama, mikono nyuma, kama alivyosimama siku ya kwanza alipoleta barua ya chuo.

"Sikio langu halisikii baridi," Mulinge alisema hatimaye. "Kugonga nasikia, kuvuja nasikia. Baridi haina sauti." Kisha: "Ni magari mangapi madogo yanatembea hivyo, na mimi ndiye niliyafungua?"

"Tutayaita moja moja."

Saa kumi Shamis alipofika, gereji ilikuwa na watu: dereva wa lori la saruji, wateja wawili, mama wa chapati aliyefuata sufuria yake. Kathini alifungua kinywa. Mulinge akamtangulia.

"Mama Filsan, gari yako haina sensa mbovu, na haikuwa nayo hata mara moja. Mwezi wa pili nilitoa themostati, sikurudisha. Kosa ni langu. Huyu ndiye ameliona, na ameliandika kila kilomita mbili. Mpya nitaweka mimi, kwa gharama yangu."

Hakuna mtu Makindu aliyewahi kumsikia Mulinge akisema hivyo. Kathini alijishughulisha na kufuta spana iliyokuwa safi tayari, uso ukimwaka moto, na haikuwa aibu.

Ijumaa asubuhi walimwaga maji ya injini. Yalitoka mekundu kama udongo wa Mbooni. Kathini aliisafisha injini kwa maji ya mvua kutoka kwenye tangi la kanisa, mara tatu, mpaka yalipotoka meupe. Themostati mpya aliichemsha kwanza katika sufuria ile ile, aliyoiazima tena. Ilifunguka kwa nyuzi themanini na mbili, akaandika. Alijaza kulanti, maji ya dawa ya kupozea injini, akamwachia Shamis galoni ya ziada ili kisima cha chumvi asikiangalie tena.

"Sasa izime taa," Shamis alisema. "Broka anakuja kesho. Nikiamua kuuza, asiione. Nikiamua kutouza, nisiione mimi."

"Sitaizima."

"Kathini," Mulinge alisema kwa upole, "ni kubonyeza tu."

"Tukiizima sisi, Mama Filsan hatajua kama tumeitibu au tumeinyamazisha. Mara mbili tumeinyamazisha." Alisema hivyo akitazama chini, lakini alisema. "Kompyuta inataka safari tatu, kila moja ianze injini ikiwa baridi, ifike joto lake ibaki hapo. Ikiridhika itaizima yenyewe, injini ikiwashwa tena. Mama aende Kibwezi sasa. Aende tena jioni. Ya tatu ni kesho alfajiri, na mimi nitapanda."

"Na isipozimika?" Shamis aliuliza.

"Basi broka atakuwa njiani, na mimi nitakuwa nimekosea."

Jumamosi walipotoka Makindu taa ilikuwa bado inawaka. Themanini na mbili. Themanini na tatu. Kibwezi, themanini na nne, kasi tisini. Katika mteremko wa Athi Shamis aliacha kutazama barabara kwa nukta moja, akatazama skana: themanini na mbili. Mlima wa ng'ambo waliupanda bila gari kushtuka hata mara moja. Taa iliendelea kuwaka.

Ikutha Shamis alizima injini. Walipakia mitungi ya maziwa, Kathini akibeba kwa mikono miwili, akihesabu moyoni na kusahau hesabu. Walipoketi tena, Shamis aligeuza ufunguo nusu. Taa zote za dashibodi ziliwaka pamoja kama kawaida: ya oili, ya betri, ya breki, ya manjano. Akawasha. Zikazimika moja baada ya nyingine, na ile ya manjano ikazimika nazo. Walingoja. Haikurudi.

Walikuwa bado wameketi vivyo hivyo simu ya Shamis ilipolia. Alibonyeza sauti ya nje.

"Mama, natoka Emali sasa," broka alisema. "Gari iko wapi?"

"Iko kazini."

"Kazini? Na ile taa?"

"Fundi wangu amekaa hapa. Muulize." Akamsogezea Kathini simu.

Kathini alitazama daftari. "Injini ni nyuzi themanini na nne kwa kasi ya tisini," alisema. "Taa imezimika yenyewe."

"Kumbe," broka alisema. "Sasa si mtaniongezea bei?"

"Imepanda mpaka haiuzwi," Shamis alimjibu, akakata, akaingiza gia.

Mitungi ya maziwa iligongana polepole nyuma yao, jua likiwa ndio kwanza linachomoza juu ya vichaka. Kathini alifungua daftari gotini, akaandika saa, mahali, kasi, na nambari 84. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika daftari lile kwa miaka yote mitatu: akapiga mstari chini yake, mara mbili.